Hata Asiye na Kosa Ana Mlango



Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, tulibaki msikitini watu kama kumi na tano tukizungumza. Mazungumzo yalianza kwa jambo dogo. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliomba tumwelekeze programu nzuri ya simu ya kumwonyesha nyakati za swala na upande wa kibla. Mwingine akamtahadharisha aangalie anachopakua, kwa sababu zipo programu zinazojua unaposwalia na kuwapa wengine habari hiyo. Hapo mjadala ukawaka. Mwanafunzi wa sheria akasema ni wajibu wa serikali kuzidhibiti kampuni hizo. Mwanafunzi wa kompyuta akacheka, akauliza: na serikali nayo itadhibitiwa na nani? Kisha ndugu mmoja, mtu wa dini ambaye sote tunamheshimu, akaufunga mjadala kwa maneno haya: "Jamani, mimi sina cha kuficha. Asiye na kosa haogopi kutazamwa. Na kama Mwenyezi Mungu ananiona usiku na mchana, kampuni na polisi ni nani hata niwaogope?"

Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi sikusema kitu, ingawa nilikuwa na la kusema, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza. Makala haya ni jibu langu kwa ndugu yule. Nampenda kwa ajili ya Allah, lakini naona amekosea, na kosa lake ni la wengi wetu.

Data huchimbwaje?

Tuanze na jambo lenyewe. Simu janja iliyo mfukoni mwako huacha alama kila inapokwenda. Programu uliyoiruhusu kujua mahali ulipo hupokea alama hiyo mara nyingi kwa siku. Alama moja haina maana kubwa. Lakini mtu akizikusanya alama za miezi kadhaa, akazipanga na kuzilinganisha kwa kompyuta, ataona simu fulani inalala katika hosteli fulani, Alfajiri iko msikitini, Ijumaa saa saba mchana iko msikitini tena, na kila Jumanne jioni iko kwenye zahanati fulani. Hapo hahitaji tena kuambiwa jina lako. Huku ndiko kuchimba data: kutoa katika rundo la vitu vidogo habari ambayo mwenyewe hukumwambia mtu yeyote.

Habari hiyo ina bei. Zipo kampuni ambazo biashara yao ni udalali wa data. Zinanunua kwa wenye programu na kuwauzia watangazaji, benki, na yeyote mwenye fedha.

Novemba 2020, waandishi wa habari wa Motherboard nchini Marekani walifichua kwamba programu ya Muslim Pro, ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka data za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya udalali iitwayo X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa ikiwauzia data wakandarasi, na kupitia kwao zikafika kwa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba wao wenyewe waliliuzia jeshi data za watumiaji, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Hata tukiyakubali maelezo yao yote, jambo moja linabaki. Muislamu aliyefungua simu yake ili ajue Magharibi imeingia saa ngapi hakujua kwamba kitendo hicho hicho kilimwandikisha katika daftari la mtu mwingine.

Sasa liangalie swali la mwanafunzi wetu wa kompyuta. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba polisi wakitaka historia ya mahali ilipokuwa simu ya mtu, kwa kawaida wanahitaji kibali cha jaji. Katika kesi ile polisi walikuwa wamepata alama 12,898 za mshtakiwa kwa muda wa siku 127, yaani kama alama mia moja kila siku. Mahakama ikaona kwamba kumfuatilia mtu kiasi hicho ni kuingia katika maisha yake. Ilikuwa hukumu nzuri, lakini iliihusu serikali inapoilazimisha kampuni ya simu kutoa data. Kununua sokoni hakukuzungumzwa. Kwa hiyo kile ambacho mlangoni kilihitaji kibali cha jaji, nyuma ya nyumba kikapatikana kwa fedha.

Januari 2024, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, yaani FTC, ilitangaza amri ya kuizuia X-Mode na mrithi wake, Outlogic, kuuza data zinazoonyesha watu walivyotembelea mahali nyeti kama nyumba za ibada na zahanati. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mitatu tangu habari ile itoke. Tazama basi: mkono mmoja wa serikali ulikuwa mnunuzi, na mkono mwingine wa serikali hiyo hiyo ndio uliokuja kuwa mlinzi. Simshangai mtu anayeziamini serikali, wala simshangai asiyeziamini. Ninachosema ni kwamba kusema "serikali isimamie" ni nusu ya jibu tu.

Adabu ya mlango

Dini yetu haikuzijua simu, lakini inalijua jicho. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana, na makatazo hayo matatu yamewekwa pamoja katika aya moja. Ukiyatafakari utaona yanavyofuatana. Mtu huanza kwa kudhani, dhana humpeleka kuchungulia, na alichokiona hukigeuza maneno ya barazani. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Aya haikusema tubishe hodi kwa wenye dhambi pekee, wala haikumtaka mwenye nyumba aeleze kwanza anaficha nini ndani.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia chumbani kwa Mtume (S.A.W.) kupitia tundu. Mtume alikuwa ameshika kitu cha kuchania nywele. Akamweleza kwamba lau angelijua anachunguliwa, angelimchoma nacho jicho, kwani hiyo ruhusa ya kuingia imewekwa kwa sababu ya jicho. Jiulize: ni kosa gani lililokuwa likifanyika ndani ya chumba cha Mtume hata liogopwe kuonwa? Hakuna. Alikuwa akichana nywele. Mbora wa viumbe, aliyehifadhiwa na madhambi, alikasirika kuchunguliwa. Kama hoja ya "asiye na kosa haogopi kutazamwa" ingekuwa sahihi, yeye angekuwa wa kwanza kuacha mlango wazi.

Kuna pia kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.), ambacho Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Usiku mmoja akizunguka Madina, Umar alisikia sauti ndani ya nyumba, akaupanda ukuta na kumkuta mtu katika maasi. Mtu yule hakukana. Lakini alimjibu Amirul Muuminina kwamba ikiwa yeye amemuasi Mungu katika jambo moja, basi Umar amemuasi katika matatu: amepeleleza, amepitia ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar hakumwadhibu. Waliafikiana asamehewe naye aache, akaondoka.

Kisa hiki ndicho fundisho kubwa ninaloliona juu ya serikali na faragha. Mwenye nyumba alikuwa na kosa kweli, na aliyeingia alikuwa mtawala muadilifu kuliko tunaowajua sote. Hata hivyo sheria ilimfunga mtawala kwanza. Ikiwa mwenye kosa ana mlango, asiye na kosa atakosaje?

Nilivyojifunza mwenyewe

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza usiku ule.

Mwaka mmoja kabla, nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Kamati ya zaka ilipata fedha kidogo za kuwasaidia wanafunzi waliokwama ada, nami nikapewa kazi ya kuandaa fomu ya mtandaoni. Niliuliza kila lililonijia kichwani: jina, kozi, namba ya simu, kazi ya baba, kazi ya mama, kipato cha nyumbani, na nafasi kubwa ya kueleza "hali yako kwa ukamilifu". Hakuna aliyeniuliza habari hizo zote za nini. Niliona kadiri tunavyojua zaidi ndivyo tutakavyotenda haki zaidi. Watu ishirini na wachache walijaza. Kwa uzembe wangu sikuyafunga majibu, na mtu mwenye linki aliweza kuyasoma. Siku ya tatu linki hiyo ilikuwa katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili.

Dada mmoja wa mwaka wa pili alikuwa ameandika kwamba baba yake aliwatelekeza, na kwamba mama yake hukaanga mihogo usiku kando ya stendi ili wadogo zake wale. Hakuna aliyemcheka. Wengi walimhurumia, na wengine walimhurumia mbele yake. Hilo likamtosha. Aliacha kuja darasa la Jumamosi, akaacha kuswali nasi Tarawehe. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa na Amira wa akina dada. Nikamwambia, kwa upumbavu wangu, kwamba hana haja ya kuona aibu kwa sababu hakufanya kosa lolote. Alinijibu kwa upole: "Kaka, najua sikuwa na kosa. Nilikuwa na umaskini, na niliwaambia nyinyi tu."

Jibu lile sijalisahau. Tunapozungumza juu ya faragha tunamfikiria mwizi anayejificha, na kumbe vingi tunavyovisitiri si madhambi hata kidogo. Ni ugonjwa, deni, talaka ya wazazi, swala ya usiku, sadaka ya mkono wa kulia isiyojulikana na wa kushoto. Mambo haya yakivuliwa hadharani, mwenyewe hapelekwi jela, ila anapotea katika safu. Kwetu alipotea dada aliyekuwa akiwafundisha wenzake kusoma Qur'ani, na aliyempoteza ni mimi niliyekuwa na nia njema na daftari kubwa kuliko haja yangu.

Waliotazamwa kwa kuwa wanafunzi

Ikiwa kosa la katibu mmoja lilifanya hivyo, fikiria daftari la polisi. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, polisi wa jiji la New York walianzisha kitengo cha kuwafuatilia Waislamu: misikiti, migahawa, maduka, na jumuiya za wanafunzi kama hii yetu. Shirika la habari la Associated Press lilianza kuyafichua hayo mwaka 2011. Miongoni mwa yaliyotoka ni kwamba mwaka 2008 askari wa siri alifuatana na wanafunzi Waislamu wa chuo cha City College katika safari yao ya kuendesha mashua mtoni, na katika ripoti yake akaandika hata mara ngapi walikuwa wakiswali kwa siku. Mwaka 2012, mkuu mmoja wa upelelezi alieleza kwa kiapo kwamba katika miaka yote aliyoisimamia, kazi ya kitengo hicho haikuwahi kuzaa fununu iliyofungua uchunguzi wa ugaidi. Kitengo kilivunjwa mwaka 2014, na Waislamu waliokwenda mahakamani walipata suluhu iliyoweka masharti mapya, pamoja na mtu kutoka nje ya polisi wa kuangalia upelelezi wa aina hiyo.

Vijana wale wa mashua hawakuwa na kosa. Je, hawakudhurika? Katika jumuiya ya wanafunzi, mtu akijua kwamba huenda mmoja wa waliokaa kwenye duara la darasa anaandika ripoti, kitu cha kwanza kufa ni swali. Hakuna atakayeuliza juu ya jihadi ili afahamishwe maana yake sahihi. Hakuna atakayesema ana shaka moyoni ili asaidiwe. Na mgeni akibisha hodi atadhaniwa vibaya. Katika Sunan ya Abu Daud kuna hadithi yenye maana kwamba mtawala akitafuta mambo ya kuwashuku watu huwaharibu. Hayo nayaona ni maelezo kamili ya yaliyotokea New York.

"Lakini Mungu ananiona"

Hoja nzito zaidi ya ndugu yetu ilikuwa hii ya mwisho. Ni kweli Mwenyezi Mungu anatuona, na Muislamu hujirekebisha kwa kujua hivyo. Lakini je, kutazamwa na Mungu na kutazamwa na kampuni ni jambo moja?

Mwenyezi Mungu anaona na anasitiri. Anajua aibu zangu tangu nilipobaleghe na hajamwonyesha jirani yangu hata moja. Anajua na nia iliyokuwa nyuma ya kitendo, na hilo hakuna kompyuta inayoliona. Kompyuta inaona tu kwamba simu yangu ilikuwa karibu na simu ya mtu fulani kwa saa moja. Haijui kama nilikuwa rafiki yake, dereva wake, au nilikwenda kumnasihi. Mungu hadhani. Mchimba data, kazi yake yote ni kudhani, na kuuza dhana hiyo kana kwamba ni yakini.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Tumefundishwa katika Suratul Israa kwamba Siku ya Kiyama kila mtu atakabidhiwa kitabu chake kikiwa wazi, aambiwe akisome mwenyewe. Mungu hana haja ya kunionyesha ushahidi, kwani hakuna wa kumhoji. Hata hivyo amejiwekea uadilifu huo, kwamba hatahukumiwa mja kwa daftari asilolisoma. Sasa nitajie kampuni ya udalali iliyokuletea daftari lako ulisome. Nitajie afisa aliyenyima mtu viza au mkopo kwa sababu ya hesabu za kompyuta kisha akamwonyesha hesabu zenyewe. Anayesema "Mungu ananiona, basi na wao wanione" anawapa viumbe cheo ambacho hata adabu yake hawana.

Je, usalama?

Mtu wa haki atauliza: na maisha ya watu je? Hapa Uganda swali hilo si la kinadharia. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Siku chache baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kuingilia mawasiliano, ambayo pia ndiyo iliyotutaka kusajili laini za simu. Siwezi kumwambia mama aliyempoteza mwanawe Kyadondo kwamba faragha ya simu yangu ni bora kuliko uhai wa mtoto wake.

Wanavyuoni wetu hawakulikimbia swali hili. Imam Mawardi, kadhi aliyefariki Baghdad mwaka 1058, ameandika katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba muhtasib, yaani msimamizi wa maadili na masoko, hana ruhusa ya kupeleleza maovu yaliyofichika. Lakini ametoa uvuguo: ikiwa mtu mwaminifu ametoa habari yenye nguvu kwamba, kwa mfano, fulani amejifungia na mtu ili amuue, hapo inaruhusiwa kuchunguza, kwa kuwa madhara yake yakishatokea hayarudishiki. Angalia masharti yaliyomo. Kuna mtu maalumu. Kuna habari kutoka kwa anayeaminika, si hisia. Na kuna madhara makubwa yasiyorekebishika. Kuzikusanya simu za mji mzima, au za waumini wote wa dini moja, kwa tumaini kwamba ndani yake atapatikana muovu, hakuna hata sharti moja kati ya hayo kinalolitimiza.

Ndiyo maana ninaona hitaji la kibali cha jaji, ambalo limo hata katika sheria ile ya 2010, ni hodi ya zama zetu. Jaji yupo ili mtu mmoja asiyekuwa na hamu ya kuchungulia amuulize mwenye hamu: unamtaka nani, kwa habari gani, na kwa muda gani? Tatizo si kwamba serikali ina macho. Tatizo ni pale inapoweza kuona bila kumwomba mtu, ama kwa kununua, ama kwa kukusanya kila kitu mapema.

Nani anamsimamia msimamizi?

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Inamtaka anayekusanya data aombe ridhaa, akusanye kinachohitajika tu, na inakupa haki ya kudai uonyeshwe data zako. Kifungu hicho cha mwisho hunifurahisha kila ninapokisoma, kwa sababu kinafanana na kukabidhiwa kitabu chako ukisome. Kampuni ikivunja sheria, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huo huo, Rwanda 2021, na Tanzania 2022, kwa hiyo wenzetu mnaotoka huko nanyi mna pa kushika.

Sheria hizi zimeanza kufanya kazi. Mwanzoni mwa 2021, mamlaka ya teknolojia ya serikali, NITA-U, ilieleza kwamba SafeBoda, kampuni ya bodaboda ambayo wengi wetu tumeitumia, ilikuwa imeipa kampuni ya nje data za wateja bila kuwaeleza vya kutosha, ikaitaka ijirekebishe. Kenya, mwezi Septemba 2023, kamishna wa data alizitoza faini taasisi tatu kwa pamoja, ikiwemo shule iliyotoa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Lakini soma sheria yetu mpaka mwisho. Ridhaa haihitajiki pale data zinapokusanywa kwa usalama wa taifa, kwa kuzuia au kuchunguza jinai, au na chombo cha umma kinachotekeleza kazi yake. Uvuguo huo una haki yake, kama tulivyoona kwa Mawardi, ila yeye aliubana kwa masharti na sheria imeuacha mpana. Na ofisi ya kulinda data iko chini ya NITA-U, chombo cha serikali yenyewe. Kumsimamia mwenye programu ya bodaboda ni rahisi. Je, ofisi hiyo itaweza kwenda kwa wenye kamera za barabarani na wenye daftari la vitambulisho vya taifa na kuwauliza walichokitazama jana? Mpaka iweze, usimamizi tulio nao ni wa mnyonge peke yake. Kazi ya wanafunzi wa sheria miongoni mwetu ni kulisema hilo kwa hoja na kwa adabu, bungeni na mahakamani, kama walivyofanya Waislamu wa New York na New Jersey.

Tuanze na daftari letu

Hata hivyo sina uso wa kuidai serikali kabla sijajidai mwenyewe. Baada ya kisa cha fomu, kamati ilikubali mambo machache, nayo bado yanafuatwa. Fomu ya msaada sasa ina maswali manne. Inasomwa na watu wawili tu, mmoja kwa akina kaka na mmoja kwa akina dada. Msaada ukishatolewa, majibu yanafutwa mbele ya wote wawili. Daftari la mahudhurio ya darasa halina tena namba za simu. Na kila anayeomba kuona tulichoandika juu yake anaonyeshwa siku hiyo hiyo. Ni mambo madogo, lakini yametufundisha ugumu wa amana. Kila mwaka katibu mpya huuliza: kwa nini tusikusanye zaidi, huenda yakatufaa baadaye? Hiyo "huenda" ndiyo iliyomo pia katika ofisi kubwa za dunia.

Nawe msomaji, usiku wa leo fungua mipangilio ya simu yako uangalie ni programu zipi umeziruhusu kujua ulipo wakati wote. Nyakati za swala za mji wako unaweza kuzipata kwa kuchagua jina la mji tu. Kisha iangalie simu yako kwa jicho la pili: picha za watu ulizopiga bila ruhusa, na mazungumzo ya siri uliyoyapeleka kwenye kundi lingine.

Dada yule alirudi Ramadhani iliyofuata. Hakurudi kwa sababu ya hoja zangu. Amira alimfuata chumbani kwake mara kwa mara, akibisha hodi, na asipofunguliwa akirudi zake. Ndugu yangu wa usiku ule, ukisoma haya, ujue sina shaka na wema wako. Namwomba tu Mwenyezi Mungu akubakishie mlango wako, hata kama huna unachokificha nyuma yake. Atusitiri sote duniani na Akhera, na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.